Kutoka Doha Hadi Mpepai

Flaviani aliuawa kwa kafi. Dafrosa, mke wake wa ndoa ya kanisani, hakushangaa, maana mtu anayeishi kwa ngumi hafi kwa homa. Alishangaa tu kwamba ilichukua miaka yote ile, na kwamba mkono uliomaliza kazi haukuwa wake.

Alifia ziwani, upande wa Liuli, mbele ya nyumba ya mke wake mdogo. Mke huyo aliitwa Oliva, binti wa wavuvi, na Flaviani alikuwa akimgonga kichwa kwenye ukingo wa mtumbwi pale kaka yake Oliva, Nazari, alipotoka majini na kafi mkononi. Alipiga mara moja. Wanawake waliokuwa wakianika usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, walisikia mlio kama wa boga linaloangukia jiwe. Kisha Nazari akaketi mchangani, akaweka kafi magotini, akangoja polisi.

Juu kule Mpepai, kwenye milima ya Wamatengo, Dafrosa aliletewa habari akiwa shambani. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Meno mawili ya mbele hayakuwapo, na kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimepinda kama mzizi uliokutana na mwamba. Meno yaliondoka mwaka ule Flaviani alipouza kahawa yote akarudi bila hata chumvi ya kuonja. Mkono ulivunjika siku aliyouliza Oliva ni nani. Mara moja tu alikwenda kushtaki kwa wakubwa. Wakamwambia mambo ya chumbani yaishie chumbani, na alipokuwa njiani kurudi akamkuta mumewe amesimama kwenye mto, ana fimbo ya mbuni, anamngojea. Tangu siku hiyo hakumshtaki mtu kwa mtu.

Shule hakwenda. Baba yake kule Kitura alisema kalamu haichimbi ngolo, na kweli ngolo ndizo zilizokuwa maisha yake. Asiyeijua kazi hiyo akitazama milima ya Mbinga huiona imejaa mashimo kama kimia. Wanaume hufyeka nyasi wakazilaza chini mistari mistari, inayokwenda na inayokatiza, ikaacha vyumba vidogo katikati. Kisha wanawake huingia na majembe, wakafukua udongo wa kila chumba na kuutupa juu ya nyasi pande zote, mpaka kila chumba kiwe shimo na kila mstari uwe tuta. Mvua ikija, maji hutulia mashimoni badala ya kuuteremsha mlima mtoni. Flaviani alilaza nyasi misimu miwili ya kwanza ya ndoa. Misimu yote iliyofuata Dafrosa alizilaza mwenyewe, akafukua mwenyewe, akapanda maharage mwenyewe, na juu ya hapo akapalilia mibuni. Alipoambiwa mumewe amekufa, alimalizia shimo alilokuwa ndani yake, akafuta jembe kwa nyasi, ndipo akashuka nyumbani.

Hakulia. Kilichomkaa rohoni kilikuwa shamba.

Ukoo wa Flaviani ulikuwa na desturi yake, na watu wa ukoo ule waliishika kuliko amri za kanisa. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyetupa konzi la kwanza la udongo kaburini kwa baba yake. Kama hayupo, alitupa ndugu wa marehemu. Na aliyetupa konzi hilo alihesabiwa kuwa ameshika jembe la marehemu: shamba, nyumba na miti vilikuwa vyake, na wazee hawakurudi nyuma kulizungumza tena. Watoto wa Dafrosa waliozaliwa walikuwa wanne, aliyebaki hai ni mmoja, Florian. Na Florian alikuwa Doha, Uarabuni, analinda mlango wa jengo la maduka.

Mdogo wake Flaviani aliitwa Ildefonsi. Kwa miaka mingi mtu huyo alipita ukingoni mwa shamba la kaka yake akitazama mibuni kama mtu anavyomtazama mke wa mwenzake. Hata matanga hayajaanza alikuwa ameshamwambia Dafrosa, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba baada ya mazishi angemtafutia gari la kumpeleka kwao Kitura pamoja na vyombo vyake.

Dafrosa alimpigia mwanawe jioni ileile. Simu yake ilikuwa kitochi cha zamani kilichoharibika sikio, hata hakikusikika mpaka kiwekwe sauti ya juu, kwa hiyo mazungumzo yake yote yalikuwa ya kijiji. Safari hiyo alikwenda kupigia ndani ya mibuni. Florian alisema ataomba ruhusa kwa bosi wake, na mzee asizikwe kabla hajafika. Mama yake akamjibu kwamba hilo ndilo alilompigia simu.

Mwili ulipanda kesho yake kwa pikapu, baada ya polisi na daktari wa kule ziwani kumaliza yao na kuudunga dawa usiharibike. Nyuma ya pikapu, karibu na jeneza, aliketi Oliva. Jicho moja lilikuwa limefunga kwa uvimbe. Kaka yake alikuwa mahabusu, na bado alikuja, kwa sababu alikuwa mke wa marehemu na kwao mke hufuata jeneza. Alipokanyaga uwanja tu, shangazi zake Flaviani walimvamia. Walimchania kitenge, wakamvuta nywele, mmoja akampiga mchi mgongoni mpaka akapiga magoti. Dafrosa alikuwa amesimama mlangoni. Hakumpiga, wala hakumtetea. Alimtazama mwanamke yule akipokea kwa dakika chache alichokipokea yeye kwa miaka, akaona hapati utamu aliouota. Walipochoka, alimwambia Oliva kwa ufupi tu kwamba jiko liko nyuma ya nyumba, na kuni ni zile. Wanawake hao wawili hawakuzungumza zaidi ya hapo.

Zamu ya Dafrosa ilikuja usiku. Ildefonsi alimtoa nje ya chumba cha waombolezaji kwa kumshika sikio, akamzaba makofi mbele ya watu, akisema mjane asiye na chozi ndiye mchawi wa mumewe. Damu ilimtoka puani ikadondokea kanga. Dafrosa aliinama akaikunja kanga upande usio na damu, akarudi kukaa mkekani.

Asubuhi yake wanaume walikaa kwenye mabenchi nje, komoni, ile pombe ya kienyeji, ikiwa imeanza kupita, wakipanga siku ya mazishi. Katekista Hamphrey, mtu mpole aliyezoea kuzika wenzake, alishauri wamngoje mtoto wa marehemu. Ildefonsi akauliza hiyo Doha iko mbali gani. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa akisomba kahawa, alisema aliwahi kuambiwa na watu wa mjini kwamba kutoka Dar es Salaam hadi huko ni karibu kilomita elfu nne.

Ildefonsi alipiga hesabu mbele ya watu wote. Basi kutoka Mbinga hadi Dar ni kama kilomita elfu moja, na linaondoka alfajiri, linalala barabarani. Mchana na usiku, elfu moja. Sasa piga mara nne.

"Na hiyo ni kwa barabara," alisema. "Baharini hakuna barabara. Hata ndege ikitaka kuchimba dawa, itasimama wapi?"

"Ndani mna choo, mzee," dereva alimwambia.

"Choo kinamwaga wapi?"

"Ndiyo hiyo mvua mnayoifurahia Mpepai."

Watu walicheka mpaka komoni ikamwagika. Hata waliokuwa wakilia ndani walinyamaza kusikiliza. Kisha Ildefonsi akageuka akamwita Dafrosa, aliyekuwa akipita na ndoo kichwani, akamuuliza kwa kejeli.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye mtoto wa Ulaya. Ndege yake inatumia siku ngapi?"

"Nitajuaje mimi, shemeji? Sikusoma," Dafrosa alisema, akapita na ndoo yake.

Alijua. Miaka miwili nyuma Florian alikuja likizo, na jioni moja, mama akimenya mihogo, alimwuliza kukaa hewani kukoje. Florian alimwambia kwamba si kukaa kwingi. Kutoka Doha hadi Dar ni muda wa saa sita tu. Akaona mama hajashika, akamweleza kwa lugha yake: ukiingia kwenye ngolo jua linachomoza, mimi nikapanda ndege saa hiyohiyo, basi jua likifika utosini nawe ukitafuta kivuli, mimi nimeshatua Dar. Kinachochosha, alisema, ni kutoka Dar kuja hapa. Bahari yote na jangwa lote ni asubuhi moja ya kulima, lakini Dar hadi Mpepai ni basi la mchana na usiku, miguu imevimba, na kuku wa watu chini ya kiti.

Neno hilo Dafrosa alilihifadhi kama mbegu. Sasa alimwona shemeji yake akiupima mwendo wa angani kwa basi, na watu wazima wote wakimkubalia, akamwacha apime. Kila alivyozidisha siku ndivyo alivyomwongezea Florian nafasi. Mwishowe Ildefonsi alitangaza kwamba hawana haraka. Watangoja ndugu wa Ukata wafike, komoni iive vizuri, na mazishi yatakuwa Alhamisi alasiri, kwa heshima zote, kwa kuwa mtoto wa Uarabuni hata akianza safari leo hawezi kuonekana kabla ya Jumapili. Dafrosa aliwapelekea wanaume kikombe kingine. Jirani yake Kunigunda, aliyemjua tangu waolewe, alimnong'oneza kwamba leo anatembea kama mwanamke aliyeshiba.

Florian alipata ruhusa Jumatano usiku. Alhamisi asubuhi, vijana wakiwa wamechimba kaburi likafika kiunoni, simu ya Dafrosa ililia ndani ya fundo la kanga. Alikuwa katikati ya uwanja, kati ya mabenchi ya wanaume na masufuria ya wanawake. Alijua asipoipokea huenda isilie tena. Akaipokea, na sauti ya mwanawe ikatoka kwa nguvu kama ya kipaza sauti cha kanisani.

"Mama, nimetua Dar. Mzee asizikwe. Natafuta usafiri, nitakupigia."

Ildefonsi aliinuka taratibu. Mtu anaweza kusamehe akipigwa, lakini kuchekwa moyoni na mwanamke kwa siku mbili, huku yeye akipiga hesabu mbele ya wazee, hilo Ildefonsi hakuliweza. Alivuka uwanja, akamnyang'anya kitochi, akakitupa juu ya jiwe la kusagia, akakikanyaga kwa buti mpaka betri ikaruka. Kisha akamrudia mwenye simu. Alimpiga ngumi ya tumbo, na alipoinama akampiga teke la mbavu.

"Ulijua," alikuwa akisema, kila teke na neno lake. "Ulijua. Ulijua."

Katekista Hamphrey alimshika mkono, akasukumwa akaangukia mabenchi. Ildefonsi akawageukia vijana wa kaburi, akawaamuru wamalize kabla jua halijapanda. Jeneza lishuke sasa hivi. Hakuna Ukata, hakuna alasiri.

Dafrosa alibaki mavumbini na hesabu yake. Florian yuko Dar. Kutoka Dar ni basi, mchana na usiku. Basi la asubuhi limeshaondoka, labda apate la mchana, afike Mbinga kesho. Kwa hiyo ilimpasa kulizuia jeneza mpaka kesho. Hakuwa na simu ya kumwuliza mwanawe, wala mtu wa kumtuma, na mbavu zilikuwa zikimchoma kila alipovuta pumzi. Alinyanyuka kwa kushika ukuta, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, penye mwisho wa mibuni. Vijana walipomaliza walikwenda ndani kusaidia kubeba jeneza. Waliporudi nalo mabegani, walimkuta Dafrosa yumo kaburini. Amesimama katikati, kina kimempita kifua, ameegemea ukuta wa udongo, anawatazama.

Walimwita kwa upole kwanza. Shangazi mmoja alimwambia ni mwiko, anaita kifo kingine. Dafrosa alisema kifo kikija kitamkuta amesimama, na hatoki mpaka mwanawe afike. Jastini, mtoto mkubwa wa Ildefonsi, alilala kifudifudi ukingoni akamshika nywele amvute. Dafrosa aliushika mkono ule kwa meno yaliyobaki akaung'ata mpaka akasikia mfupa. Jastini alitoka pale analia kama mtoto. Wa pili alishuka mguu mmoja, akapigwa jiwe la goti, akapanda haraka kuliko alivyoshuka.

Ildefonsi alisema waweke jeneza chini. Kisha akasema jambo ambalo watu wa Mpepai mpaka leo hawapendi kulikumbuka.

"Mfukieni. Udongo ukifika shingoni atatoka mwenyewe."

Vijana walitazamana. Mmoja, aliyekwisha kunywa, alichota koleo la kwanza akamtupia. Udongo ulimpiga Dafrosa usoni, ukamwingia mdomoni. Wa pili akatupa, na wa tatu, kisha wote wakashika koleo na majembe, kwa sababu kundi la watu likishaanza ubaya ni vigumu mmoja kuuacha peke yake. Mabonge yalimwangukia kichwani na mabegani, mengine yana mawe. Ngozi ilipasuka juu ya nyusi. Kunigunda alipiga yowe, wanaume wakamzuia.

Dafrosa hakutoka. Alifumba macho, akainua mguu mmoja, akaukanyagia udongo, akainua wa pili. Udongo ulikuwa kazi yake. Tangu utotoni alikuwa akisimama mashimoni na udongo ukiruka pande zote. Kila koleo lililoshuka alilikanyaga likashindiliwa chini ya nyayo zake, na kila alipokanyaga alipanda kidogo. Kaburi lililokuwa likimfikia shingoni lilishuka likafika kifuani, kisha tumboni. Walivyozidi kumfukia ndivyo alivyozidi kupanda, amejaa udongo mwili mzima, macho mawili tu yanang'aa, mpaka katekista Hamphrey akasema kwa sauti yake ya ibada kwamba jamani, kaburi mnalifukia wenyewe.

Ilikuwa kweli. Kazi ya asubuhi nzima walikuwa wameirudisha chini. Dereva wa lori alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu. Na wengine wakacheka naye, huku wameshika koleo, mbele ya jeneza.

Kicheko hicho kilimmaliza Ildefonsi. Alichomoa panga kwenye mkono wa kijana aliyekuwa akikata mizizi, akarukia ndani. Pigo la kwanza lilimpata Dafrosa begani, likachana kanga na nyama. Aliangukia ukutani. Oliva, yule mke wa ziwani mwenye jicho lililovimba, alikuwa amesogea ukingoni bila mtu kumwona. Aliokota jembe lililoachwa na wachimbaji, akalitelezesha chini, mpini ukaja mkononi mwa Dafrosa kama aliyepokezwa kikombe cha maji. Hawakusemezana hata hapo.

Ildefonsi alinyanyua panga mara ya pili. Dafrosa alilima. Hilo ndilo neno lenyewe, maana hakujua namna nyingine ya kushika jembe: mikono juu, kiuno kimelegea, uzito wote ukaanguka na chuma. Jembe lilimwingia Ildefonsi kati ya shingo na bega, likazama mpaka penye mpini. Alikaa chini polepole, akamtazama shemeji yake kama anayetaka kuuliza kitu, damu ikawa inaingia kwenye udongo mpya uliokuwa haujashindiliwa.

Saa hiyo Florian alikuwa angani. Hilo mama yake hakulijua. Kijana alipotoka kwenye ndege ya Doha alikwenda moja kwa moja kuulizia ndege ya Songea, kitu ambacho safari ile ya likizo hakuwa na uwezo nacho, na akapata kiti cha mtu aliyeahirisha. Alimpigia mama yake mara nyingi kumwambia, simu haikupatikana. Dar hadi Songea hewani ni muda wa saa moja na nusu, mtu hajamaliza hata soda yake. Kutoka Songea alikodi gari, lami tupu mpaka Mbinga.

Ildefonsi alikata roho kwenye pikapu, kabla hawajaiona hospitali. Wanaume walimtoa Dafrosa kaburini, wakampiga kwa zamu mpaka mmoja akasema huyu mwacheni polisi wamkute mzima. Wakamfunga kwenye mbuni kwa kamba zilizoandaliwa kushushia jeneza. Kunigunda alimkanda bega kwa majani na kitambaa. Jua lilikuwa bado halijashuka sana gari geni lilipoingia uwanjani na Florian akashuka na begi lake, anauliza mbona watu wamesimama kimya hivi.

Alipomwona mama yake alipiga magoti mbele yake, akaanza kuhangaika na vifundo.

"Shikamoo, mama. Simu yako haipatikani tangu asubuhi."

"Marahaba," Dafrosa alisema. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Umekuja na basi gani, mwanangu?"

Florian akamwambia. Nzi walikuwa wakitua begani kwa Dafrosa na hakuwafukuza.

"Kumbe na Songea ndege inafika," alisema mwishowe. "Sikulijua hilo."

Baada ya hapo alimkataza asimfungue, watu wasije wakapata sababu ya kumgusa naye. Akamwambia aende akachimbe kaburi la baba yake. Florian alivua koti akashuka ndani. Vijana waliokuwa wakitupa udongo asubuhi waliona haya, mmoja mmoja wakashuka kumsaidia. Polisi walifika jeneza likiwa linashushwa kwa kamba za kuazima. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi, aliambiwa habari yote, akasema mama huyu atasubiri mpaka wamalize. Florian aliinama akachota konzi la kwanza, wazee wa ukoo wote wakishuhudia, akalitupa. Dafrosa alilisikia likigonga ubao. Kisha polisi wakamfungua kamba, naye akanyoosha mikono kwa pingu, ule uliopinda ukiwa wa kwanza.

Mahakama iliona kwamba hakukusudia kuua, ikampa miaka kumi. Wazee walitimiza neno lao: shamba likaandikwa jina la Florian, na Jastini hakuthubutu kulisogelea. Dafrosa akawekwa gerezani Songea, akapewa jembe, akalima na wenzake shamba la gereza kwa matuta marefu ya watu wa tambarare, ambayo hakuyaheshimu hata kidogo.

Florian alikuja kumwona mara moja, katika likizo yake iliyofuata, kabla ya kurudi tena Doha, maana ruhusa ilikuwa imekwisha na bosi alikuwa akipiga simu. Alikaa upande wa pili wa meza akilia. Alisema angalitafuta namna ya kumjulisha, angalimpigia Kunigunda, angalimpigia hata katekista. Mama yake alimwacha aseme yote. Alipochoka, alimwuliza msimu huu nani amefukua ngolo.

Florian aliangalia chini. Akasema hakuwa na mtu. Nyumba isingebaki tupu, mibuni isingejipalilia. Kule ziwani wamemkataa, wanasema amewaletea mkosi na kaka yake yuko ndani kwa ajili yake. Kwa hiyo amemwachia mama mdogo, Oliva.

Askari wa zamu baadaye alisema alidhani mfungwa angegeuza meza. Dafrosa alikunja ngumi, mishipa ya shingo ikamtoka, akakaa hivyo akimtazama mwanawe. Mwanamke aliyechukua mume wake sasa alikuwa analala nyumbani kwake, anachuma maharage yake, anaota moto wa kuni alizozipasua yeye. Kisha pumzi ikatoka.

"Analazaje nyasi?" aliuliza.

"Sijui, mama. Anajaribu. Kwao hawana milima."

"Mwambie azikatize vizuri, zisipishane. Na udongo autupe juu ya nyasi, asiuvute kwa mguu kama anayefukia mihogo mchangani. Mvua ya kwanza itaupeleka mlima wangu wote mtoni."

"Nitamwambia."

"Usimwambie wewe, hujui kitu. Aje mwenyewe, nimwonyeshe."